Choo cha Mama

Nansio, Ukerewe

Bahati ndugu yangu,

Habari za Kirumba? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mvua imetuharibia dagaa tuliokuwa tumeanika, lakini hayo tutayaongea tukionana.

Nakuandikia kwa ajili ya mama. Magoti yamemkataa kabisa. Kuchuchumaa anaweza, kuinuka ndiyo kazi. Juzi Dotto alimkuta ameng'ang'ania bomba la maji mpaka limelegea. Yeye hasemi. Ameanza kujinyima maji ili asiende chooni mara kwa mara, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimeamua: choo cha kukaa, mwezi huu huu.

Fundi Masatu amekuja kuangalia. Anataka ang'oe sinki la kuchuchumaa, apachike la kukaa palepale, siku moja kazi imekwisha. Nimekataa. La zamani lina mkunjo wake chini ya sakafu, ule unaoshika maji ya kuzuia harufu, na la kukaa linakuja na mkunjo wake ndani. Miwili ikifuatana, hewa inabanwa katikati, maji yanashuka kwa uvivu na uchafu unakwama njiani. Lazima sakafu ivunjwe, mkunjo wa chini utolewe, bomba la inchi nne liende moja kwa moja hadi chemba. Anasema najitafutia gharama. Gharama ni kuja kuvunja tena marumaru zikiwa zimeshawekwa! Na asinijazie saruji chini ya choo. Nataka boliti na mpira, siku kikiziba kifunguliwe bila kupasuliwa.

Sasa ombi. Nipitie madukani hapo mjini. Kiwe kinachotoa maji chini, si kwa ukutani. Kutoka ukutani hadi katikati ya tundu iwe sentimita 30, kwa kupima kwenye uso wa marumaru, si kwenye tofali. Halafu kimo: vingi vina kama sentimita 40 hadi kwenye kiti, mama anahitaji kinachokaribia 45. Kikalie mwenyewe hapo dukani, wakicheka waache wacheke. Tangi liwe la vitufe viwili, lita 3 na lita 6, maana bomba likikauka huku tunachota ziwani. Kigonge kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipa. Chenye ufa hakilii vizuri. Mama Kulwa anayajua hayo, muulize.

Na vishikio vya ukutani, vya chuma kisichoshika kutu. Bila hivyo kiti peke yake hakimsaidii.

Bei zikoje siku hizi? Kikifika kimepasuka, wanabadilisha? Yule kijana wenu bado anapakia mizigo ya meli za huku, na atakubali kukisimamia kisiwekewe magunia juu? Niitume hela kwako au kwa shemeji? Na wewe mguu unaendeleaje? Mama anauliza unakuja lini.

Wako,
Nyamizi