Wageni wa heshima wakae chuoni, wasipite tu

Ndugu Mhariri,

Msimu wa mahafali ukifika huku Arusha na Moshi, mambo huwa ni yale yale. Mgeni rasmi katangazwa saa nne, anaingia saa saba. Wahitimu wamelowa jasho ndani ya majoho, bendi imerudia wimbo mmoja mpaka wapuliza tarumbeta midomo imewauma. Anasoma hotuba aliyoandikiwa, anavishwa shuka la Kimasai, anapiga picha na wakuu wa chuo, na pilau haijapoa gari lake liko njiani kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Hakuna mwanafunzi aliyemuuliza swali hata moja.

Wenzetu wengine huwakaribisha watu mashuhuri kwa namna tofauti. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kina mpango uitwao Chubb Fellowship, ulioanza mwaka 1936 kwa fedha za Hendon Chubb, mtu aliyesoma hapo hapo. Anayepewa heshima hiyo hukaa chuoni siku chache, anakula na wanafunzi, anazungumza nao, kisha anatoa mhadhara ulio wazi kwa wote. Harry Truman alikwenda mwaka 1958, urais ameshauacha. Ronald Reagan alikwenda mwaka 1967 akiwa gavana wa California, akakaa darasani na vijana wakati wapo waliopinga hata kualikwa kwake. Utamu wa jambo hili uko hapo: mkubwa anaulizwa, na hana pa kukimbilia.

Na sisi si wageni kabisa wa mambo haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na mwaka uliofuata Wole Soyinka akaja Mlimani kuhadhiri. Kile ni kigoda cha profesa, kazi ya miaka. Ninachoomba kwa vyuo vya huku ni kidogo zaidi: mgeni mmoja kwa mwaka, akae wiki nzima.

Watu tunao, tena mlangoni. Jaji Augustino Ramadhani alikuwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hapa Arusha kuanzia 2014 hadi 2016. Kabla ya hapo alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, alipata kuwa brigedia jeshini, na alikuwa kasisi wa Kianglikana. Alifariki mwaka 2020. Mzee wa namna ile unamkalisha na wanafunzi wa sheria asubuhi, wa dini mchana, na jioni bado ana la kusema. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo yako hapa hapa mjini; majaji na makatibu wanamaliza muda wao, wanafunga mizigo, wanarudi kwao.

Wala umashuhuri usiishie kwa mawaziri na majaji. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hapa Arusha, kwenye jumba la mikutano la AICC, kwa miaka mingi. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalisimamiwa na Mwalimu, na alipofariki Oktoba 1999 akaendelea Mandela, mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mkalimani aliyekaa kwenye kibanda chake, vifaa vya kusikilizia masikioni, akitafsiri ushahidi wa mauaji siku nzima, ana elimu ambayo haimo kwenye notsi za mhadhiri yeyote. Kwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ningeanza na wazee wa kahawa, wanaokumbuka KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ya enzi zake. Chama kile ni cha tangu 1933, na wanaokijua kwa ndani wanazidi kupungua.

Nitaambiwa kwamba tayari tunatoa udaktari wa heshima. Tunatoa, na tumezidisha. Siku hizi ukiita "Dokta" barabarani wanageuka watu ambao hawakuwahi kuandika hata insha. Mwanafunzi kazi yake pale ni kupiga makofi.

Fedha si nyingi kiasi hicho. Ni chumba kwenye hosteli ya wageni, nauli, chakula cha kawaida cha kantini, na bahasha ya heshima. Waliosoma vyuo hivi wako kwenye mabenki, SACCOS na mahoteli ya kitalii. Wakiombwa kwa jambo linaloeleweka watachanga. Ila nina masharti yangu. Aliye madarakani asialikwe, maana atakuja na msafara na vijana wataogopa kumuuliza. Reagan alikuwa madarakani, najua, lakini gavana wa kule hana kauli juu ya ajira ya mwanao. Mwaka wa uchaguzi mpango usimame kabisa. Na mazungumzo yawe kwa Kiswahili, tusije tukasikia sauti za wanafunzi watatu wale wale wanaokimudu Kiingereza.

Mabaraza ya vyuo hukutana kabla ya mahafali. Ajenda hii iingie safari hii, na jina la mgeni wa kwanza lipendekezwe na serikali ya wanafunzi.

Msomaji wako,
Usa River, Arusha