Idi, usiandike "Moth" chini ya picha ile

Kwako ndugu yangu Idi,

Salamu sana. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mjomba hajambo, shemeji anakusalimu. Barua yako imefika pamoja na picha zote tatu za ndege za zamani. Nimekawia kujibu kwa kuwa sikutaka kusema neno kabla sijazitazama vya kutosha. Sasa nasema, tena haraka, maana umeandika kwamba Ijumaa albamu inakwenda kwa mchapaji: tafadhali, picha ya pili usiiandikie "de Havilland Moth". Siyo Moth ile.

Najua ulivyolipata jina hilo. Uliipitisha picha kwenye programu ya kusafishia, herufi za ubavuni zikatoka G-EBLV, ukafungua daftari la usajili la Uingereza, ukakuta G-EBLV ni DH.60 Moth ya mwaka 1925. Daftari halikosei. Ndege hiyo hata leo ipo, inaruka kule Old Warden, Uingereza. Ila herufi ulizosoma hazikuwa kwenye karatasi. Programu za namna hiyo hazifukui kilichofichika. Zinakisia kitu gani kingefaa kuwa pale, kwa kufuata picha nyingine zilizofunzwa nazo, kisha zinakichora kikiwa safi kabisa. Weka picha zako mbili sambamba, ya asili na iliyosafishwa. Kwenye ya asili naona G, kistari, kitu kama E, halafu mkono wa fundi unaziba. Ng'ambo ya kiwiko chake kuna doa la kijivu, basi. B, L na V zimetoka wapi?

Achana na herufi kwanza, tazama pua ya ndege. Moth ya 1925 ilikuwa na injini ya Cirrus, silinda nne zimesimama wima kwenye mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Hii yako silinda zake zimetandazwa kama miale ya jua. Nimehesabu tano. Nawe hesabu mwenyewe, lakini usihesabu zinazoonekana tu, kwa sababu propela imeficha moja. Pima pembe kati ya silinda mbili zilizo jirani: ikiwa karibu nyuzi 72, ziko tano, karibu 51, ziko saba, 40, ziko tisa. Injini ya mzunguko mmoja wa silinda huwa na idadi ya witiri, kwa hiyo ukipata nne au sita ujue umeruka moja. Kipimo hiki kinakubali tu pale picha ilipopigwa kutoka mbele. Ikipigwa kwa pembeni, zile za upande wa mbali hubanana na pembe hudanganya.

Silinda tano kwenye ndege ndogo ya Kiingereza ya miaka ile, fikiria kwanza injini ya Armstrong Siddeley Genet. Hapo tena usikimbilie kufuta Moth zote, kwa kuwa Moth chache nazo zilifungwa Genet, na ndege nyingine, Avro Avian, pia. Injini peke yake haimalizi kesi.

Kinachoimaliza ni vichwa vya watu. Viko viwili, vimekaa bega kwa bega. Kwenye Moth na Avian mmoja hukaa nyuma ya mwenzake, kila mtu na tundu lake. Nilihofia huyo wa pili asije akawa mtu aliyesimama upande wa pili wa ndege, jambo ambalo limewapotosha wengi. Lakini tazama kioo cha kukinga upepo: ni kimoja, kipana, kimewakinga wote wawili, na mabega yao yote yamekatwa na ukingo uleule wa tundu. Wamo ndani wote.

Ndege ya Kiingereza ya mabawa mawili, wazi, watu wawili bega kwa bega, Genet puani: hapo nabaki na mbili tu mkononi, Blackburn Bluebird na Robinson Redwing. Redwing ilianza kuruka 1930. Usajili wa Uingereza ulianza na G-EA mwaka 1919, ukaingia G-EB, ukaishia hapo 1928 na kuanza upya kwa G-AA. Kwa hiyo ile herufi ya pili, E, inaiondoa Redwing moja kwa moja. Unaona basi kwa nini nakazania programu ile? Kesi nzima inaning'inia kwenye herufi moja, nawe umeniletea picha ambayo mashine imeshaigusa. Ikiwa kwenye karatasi ni A iliyofifia, jibu linageuka. Usihangaike na vijistari vya katikati, angalia upana wa juu. E ni pana juu sawasawa na chini, A huchongoka juu hata ikiwa ukungu mtupu.

Iskani upya, leo ikiwezekana. Itoe kwenye mfuko wa plastiki. Nukta 1200 kwa inchi, kwa rangi ingawa picha ni nyeusi na nyeupe, kisha ufungue rangi nyekundu peke yake: madoa ya njano ya uzee hufifia mno humo na wino hubaki. Zima kila kitu cha kunoa na kufuta vumbi. Hifadhi kwa TIFF, si JPEG, kwa sababu JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kingo za vipande hivyo, ukikuza, hufanana na mistari ya herufi. Halafu igeuze picha nusu mzunguko juu ya kioo uiskani mara ya pili. Taa ya skana humulika kutoka upande mmoja, hivyo kivuli cha mkunjo wa karatasi kitahama upande, bali herufi haihami. Geuza na mgongo pia, uumulike kwa tochi iliyolazwa. Penseli iliyofutwa huacha mfereji.

Ukishathibitisha E, lifungue daftari kwa njia ya kinyume. Usitafute herufi, tafuta aina: toa Bluebird zote zilizosajiliwa G-EB, kisha linganisha herufi ya mwisho ya kila moja na lile doa la kijivu. Doa ni pana, kwa hiyo I haiwezekani. Na usiongeze "II" wala "III", yaani namba ya toleo, mwishoni mwa jina. Bluebird ya kwanza kabisa ilikusudiwa mashindano ya ndege nyepesi ya Lympne, Uingereza, ya 1924 ikiwa na injini ya silinda tatu ya Blackburne (kampuni nyingine, yenye "e" mwishoni, usizichanganye), nayo ikafungwa Genet mwaka 1926. Kwa hiyo hata yenyewe bado imo kwenye orodha. Wala mwaka wa usajili si mwaka wa picha. Ndege ya 1927 ingeweza kupigwa picha 1934 na herufi zilezile.

Picha ya kwanza ni nyepesi. Imechapwa kinyume, negativu ililazwa upande usio wake. Vifungo vya koti la rubani vimehamia kushoto kwake, na mfuko wa kifuani uko kulia. Herufi hazikukushtua kwa sababu zinazoonekana ni H na M, ambazo hata kwenye kioo husomeka vilevile. Kuwa mwangalifu tu, usigeuze picha kwa ushahidi wa propela peke yake, maana kuna injini zilizozunguka kulia na nyingine kushoto.

Ya tatu umesema ni ya Kifaransa kwa sababu ya zile duara za rangi, alama ya taifa. Sikubali. Filamu za zamani nyingi hazikuiona rangi nyekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, buluu ikatoka nyepesi kama mawingu, na njano, usiyoitegemea, ikatoka giza. Alama ya Kifaransa ina nyekundu nje na buluu katikati, ya Kiingereza ni kinyume chake. Yako ina kiini cheusi na pete ya nje nyepesi. Hiyo ni ya Kiingereza, endapo filamu ni ya aina hiyo. Tazama uso wa yule askari: midomo ikiwa myeusi kupita kiasi, filamu ni ile. Midomo ikiwa ya kawaida, tuanze upya.

Kwa sasa chini ya picha ya pili andika hivi: "Yaelekea Blackburn Bluebird, injini ya Genet, herufi za usajili hazisomeki zote." Mchapaji akilalamika kwamba ni ndefu, apunguze ukubwa wa herufi.

Sasa nijibu. Picha ya asili bado unayo, au umebaki na nakala tu? Imebandikwa kwa gundi au kwa pembe za karatasi? Mgongoni kuna muhuri wowote? Kwenye ukurasa uleule wa albamu kuna picha nyingine ya siku hiyo, hata ya watu tu bila ndege? Fundi huyo huyo anaonekana kwingine, akiwa ameuondoa mkono? Na mchapaji, hawezi kweli kungoja hadi Jumatatu?

Ni mimi nduguyo,
nangoja skani.