Kiraka na shati: barua kwa Baba Neema

Erie, Pennsylvania
Jumapili jioni

Baba Neema, ndugu yangu,

Shikamoo, maana najua umenizidi miezi mitatu na hujachoka kuidai. Huku hatujambo. Baridi ni ile ile ya kila mwaka, upepo wa ziwani unakata kama wembe, na mama watoto anawaambia watu kwamba mumewe amerudi utotoni: akitoka zamu anateremka chini ya nyumba kucheza na treni. Sibishi. Nateremka kweli, na nacheza kweli.

Nakuandikia kwa sababu ya lile jibu lako. Nilikutumia picha sita za kichwa cha treni cha mfano nilichokihangaikia wiki tatu, nikakaa nikingoja sifa. Wewe ukajibu mstari mmoja: "Mbona kiraka kimezeeka sawa na shati?" Basi, umemaliza. Nilicheka, nikanuna, kisha nikachukua kioo cha kukuzia nikakitazama tena. Bwana wewe, umeniharibia kazi ya wiki tatu, na umesema kweli. Leo nataka nikueleze nilivyoirudia, maana najua ujumbe wa sauti huwa husikilizi hadi mwisho.

Kwanza ukijue chenyewe. Ni GP38-2, dizeli ya ekseli nne, nguvu za farasi 2,000, aina iliyoanza kutoka 1972 katika kiwanda cha EMD, wakati huo tawi la General Motors. Cha kweli kina urefu wa mita 18; changu hakifiki sentimita 21, kwa sababu kipimo tunachotumia, HO, ni moja kwa 87. Nilikipata mtumba kwenye maonyesho ya treni katika ukumbi wa kanisa, dola 25, ngazi moja imevunjika na taa hakina. Na kumbuka niko Erie, mji ulioishi kwa vichwa vya treni vya General Electric, mahasimu wa EMD. Wazee waliomaliza ujana wao kwenye karakana ya Lawrence Park hawataki hata kusikia jina la EMD. Jirani yangu mmoja mstaafu alikishika, akakigeuza tumbo juu, akaniuliza kwa upole kama nilikosa pesa ya kununua kitu cha maana.

Uliuliza pia mbona juu kina mabomba mawili ya moshi wakati zile 93 zenu, dizeli za reli ya Kenya, zina moja. Zenu zina tabo, feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini; moshi wote unapitia hapo kisha unatoka kwa mdomo mmoja. Hiki hakina. Injini yake ni ya silinda 16, ya mapigo mawili, na hewa inasukumwa ndani na blowa zinazozungushwa na injini yenyewe. Moshi unatokea kwenye midomo miwili mifupi. Kwa dereva hilo ni jambo la sauti na nguvu mlimani. Kwa mpaka rangi ni jambo la masizi, na nitalifikia.

Nilichokipendea ni historia yake. Kilikuja cheusi tititi, na ubavuni kina nembo ya Penn Central, herufi P na C nyeupe zilizoshikana, ambazo wapenda reli wa huku wanaziita minyoo inayopandana. Usimsomee Mama Neema hapo. Kampuni hiyo ilizaliwa 1968 mahasimu wawili walipolazimika kuoana, reli ya Pennsylvania na ile ya New York Central, na kufikia Juni 1970 ilikuwa mahakamani imefilisika. Tarehe 1 Aprili 1976 Conrail ikaanza kazi, imeundwa na serikali, ikabeba Penn Central pamoja na wenzake kadhaa waliokuwa hoi. Conrail ilikuwa na rangi yake mpya ya samawati, lakini ilirithi vichwa kwa maelfu na vyote vilihitajika njiani, si kwenye banda la rangi. Kwa hiyo vingi viliendelea kutembea na weusi wa marehemu: nembo imefunikwa kwa rangi nyeusi, juu yake zimeandikwa herufi mbili, CR, na kazi inaendelea. Hicho ndicho nilichotaka. Kichwa cha 1977, kimepata mwenyewe mpya lakini bado kimevaa nguo za msiba.

Sasa kosa. Nilifunika nembo kwa rangi nyeusi, nikabandika CR, ndipo nikapuliza upauko na vumbi juu ya kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kiraka na bati la kando yake vikachakaa sawasawa, kana kwamba vimeanikwa juani siku moja. Lakini bati lile limekula mvua na theluji miaka mitatu minne, na kiraka kimepakwa juzi na kijana mwenye brashi aliyekuwa anasubiriwa! Wewe umekaa kwenye vile viti vya dereva miaka 28, ukaliona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mimi nilikuwa nacho mkononi.

Nikaanza upya. Ganda la plastiki nikalivua, nikalilowesha usiku kucha kwenye spiriti ya asilimia 91, ndani ya kibakuli chenye mfuniko ambacho kumbe ndicho cha kuwekea chapati. Kesi ya kibakuli bado iko wazi. Asubuhi rangi ikatoka kwa mswaki wa zamani, ikaacha plastiki ya kijivu kama samaki aliyeparwa.

Safari hii nilifuata mwendo wa miaka yenyewe. Kwanza 1973: nyeusi mpya, na nembo. Nembo ya kiwandani ilikuwa imeondoka na spiriti, nikanunua ya kubandika, maana nilitaka ukingo wa ile P uchungulie kidogo chini ya kiraka, kama walivyoacha wale vijana wenye haraka. Hapa nikapata adhabu nyingine. Kibandiko hiki ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Unauloweka, unautelezesha kutoka kwenye karatasi yake, unausogeza kwa ncha ya brashi. Mimi niliuweka juu ya rangi isiyong'aa. Ulipokauka, chini yake kukawa na weupe fulani kama jicho la samaki wa jana. Ni hewa. Rangi isiyong'aa ukiiangalia kwa karibu ni mabonde na vilima, na utando ukilala juu yake hewa inabaki mabondeni. Nilikaa saa nzima nikiuchoma kwa sindano, tone la dawa ya kulainisha, nangoja, nachoma tena, mpaka ukalala. Upande wa pili nilipuliza kwanza vanishi ya kung'aa ndipo nikabandika. Dakika tano.

Baada ya hapo nikaipitisha ile miaka mitatu ya jua: nyeusi iliyochanganywa na kijivu, nyembamba kama maji ya mchele, nikaipuliza kwa mbali mara nne, zaidi juu ya paa kuliko ubavuni. Weusi ukageuka kuwa ule wa sufuria ya zamani. Nembo nayo ikafifia pamoja na bati, kama ilivyopaswa.

Ndipo kiraka. Sikutumia mashine ya kupulizia. Nilichukua brashi ya kawaida na rangi nyeusi halisi, nikafunika nembo kwa mkono, na kwa makusudi sikunyoosha kingo. Baba Neema, laiti ungekuwapo. Nyeusi juu ya nyeusi, lakini ukiweka taa kwa ubavu kiraka kinaruka machoni, kibichi, kinang'aa, na kushoto kinachungulia kipande cha P kisichozidi unene wa uzi. Juu yake CR nyeupe, iliyopinda kidogo. Kupinda huko sikukusudia, lakini nimekubali sifa zake.

Masizi nimeyafuata kama ulivyonielekeza: si paa zima, ni kuizunguka midomo miwili na kurudi nyuma kidogo, maana kichwa kinatembea na moshi unalazwa na upepo. Nilisugua chaki za rangi kwenye msasa nikapata unga mweusi, nikaupaka kwa brashi kavu. Chini kwenye bogi, fremu zinazobeba magurudumu, nimetia unga wa kahawia wa vumbi la breki, na kwenye tangi la dizeli, chini ya pale pa kujazia, nimevuta michirizi miwili inayong'aa, kwa sababu uliniambia hakuna tangi lililojazwa na binadamu likabaki safi. Jambo moja nililojifunza kwa uchungu: ukipuliza vanishi ya kufunga, nusu ya unga inapotea machoni. Kwa hiyo unazidisha mpaka unaona umeharibu, ndipo unafunga.

Mishikio ya kupandia nimeitoa ile ya plastiki iliyoungana na bodi, inayofanana na mikwaruzo, nikatoboa matundu kwa keekee ya milimita 0.3 nikatia ya waya. Kila mshikio una upana wa milimita tano. Nilivunja keekee nne. Ngazi iliyovunjika nimeiunga kwa kipande cha plastiki na haijulikani. Taa na umeme sitakuchosha nazo: nimeunguza taa moja ya LED kwa kusahau kizuizi chake cha umeme, nikatia spika na dekoda, kile kifaa kinachopokea amri za kuendesha kichwa, na kila dekoda hutoka kiwandani ikiitikia namba 3, kwa hiyo nilipoiwasha mara ya kwanza vichwa viwili viliondoka pamoja, kimoja hiki na kingine kipya ambacho nacho sikuwa nimekibadilisha namba. Viligongana polepole sana mbele ya Rehema, ambaye amesimulia darasani.

Sasa kinatembea. Juzi usiku nilizima taa ya chumba nikakiacha kivute mabehewa saba ya makaa, ile ngurumo ya chini chini ikiwa ndogo, na nikajikuta nimekaa vile vile tulivyokuwa tunakaa kwenye ule ukuta wa Voi, miguu ikining'inia, tukibishana kama mzigo utapanda kwenda Nairobi au utakata kona kwenda Taveta.

Ndiyo maana nina ombi. Kinachofuata ni 93. Ile ni U26C ya General Electric: nguvu za farasi 2,600, ekseli tatu kila bogi, na jirani yangu mstaafu akisikia atanifanyia sherehe. Ganda lake nitalikata mwenyewe kwa shiti za plastiki. Reli ya mita moja kwa kipimo changu ni milimita 11.5, na chesisi za milimita 12 zinapatikana, tofauti ambayo hata wewe hutaiona. Natumaini.

Ulisema utanitumia udongo mwekundu wa Voi ndani ya kichupa ili niupake kwenye magurudumu. Asante, lakini usithubutu. Huku udongo wa nje hauingii bila kibali na sitaki kuhojiwa uwanja wa ndege kwa ajili ya kijiko cha mchanga. Rangi nitaichanganya. Nitafutie tu, kwa jamaa zako wa yadi, picha za bogi ya 93 kwa karibu, moja ya kiangazi na moja baada ya mvua, asubuhi kabla jua halijawa kali. Na uniambie pale vumbi linapogandia kwanza: kwenye ekseli, au juu ya sanduku la mchanga? Nilikuwa nimeshaamua ni ekseli, lakini baada ya lile shati sina haraka tena.

Msalimie Mama Neema na mzee wako.

Wako,
Baba Rehema