Baba, huku nako kuna Simba na Yanga

Tuscaloosa, Alabama
Jumatatu, Novemba 17, 2025

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Juma mambo vipi, na mwambie Mwanaidi salamu zake zipo ila hapokei simu zangu sijui nimemkosea nini.

Mimi mzima wa afya, kazi zinaenda, baridi imeanza lakini bado ile ya kuvumilika, asubuhi tu ndo unaona moshi unatoka mdomoni kama umevuta sigara. Sasa Baba, wiki ile uliniuliza huo mpira wa huko mbona wanashika kwa mikono halafu wanauita futiboli, nikaanza kukujibu bando lako likakata. Nikasema hii si ya voisi ya dakika mbili, ngoja niandike vizuri, Juma atakusomea jioni mkiwa mmekaa barazani.

Kwanza ujue Jumamosi tumefungwa. Nimeandika tumefungwa, si wamefungwa, mwenyewe nimeshtuka. Oklahoma wamekuja hapahapa kwetu wakatupiga 23 kwa 21, pointi mbili tu jamani, na kilichoniuma zaidi sisi ndo tulikuwa na mpira tunaelekea kwao, pasi ikanaswa, mtu akaondoka nayo yadi 87 mpaka mwisho hakuna wa kumshika. Ni kama umepata kona, timu nzima imepanda, halafu unafungwa wewe. Unaijua hiyo hali Baba, nakumbuka siku ulizima redio ukaenda kulala saa mbili usiku na wala hukuwa na usingizi.

Leo nimeingia kazini kwenye nyumba yetu ya kutunzia wazee, wazee wangu kimyaaa. Yule babu wa chumba cha mwisho niliyewahi kukusimulia, wa kofia, kakaa anaangalia ukuta, chai imepoa mbele yake mpaka imefanya utando juu. Namwambia babu kunywa chai, ananijibu hivi unajua tulikuwa na mpira sisi? Nikamwambia najua. Akarudia tena, tulikuwa nao sisi. Nikaenda kupasha chai.

Na hii ni timu ya chuo Mama, Chuo Kikuu cha Alabama, nataka uelewe hapo. Wanafunzi, vijana wa umri wa Mwanaidi, wana mitihani na wana homuweki. Lakini uwanja wao unaingiza watu 100,077, wa Mkapa wetu ni 60,000. Na mji wenyewe huu wa Tuscaloosa watu wake wote ni kama laki moja hivi, kwa hiyo uwanja unaweza kuubeba mji mzima na vichanga vyake. Niliuliza kwa nini, wakaniambia jimbo la Alabama halina hata timu moja ya ligi kubwa za kulipwa, si futiboli hiyo si kikapu si besiboli, basi mapenzi yote yanaishia kwenye vyuo. Msimu wenyewe unaanza mwisho wa Agosti mpaka majani yameshapukutika, kila Jumamosi. Ikiwa mechi ni ya nyumbani mahema yanafungwa kwenye kile kiwanja kikubwa cha nyasi katikati ya chuo, watu wanachoma nyama toka asubuhi, tivii wanazileta na kuzifunga nje, wazee kwa watoto wote nguo nyekundu. Si nyekundu ya nyanya, ni ile tunaita damu ya mzee, na nyeupe. Na nembo yao ni tembo, usicheke, tembo kabisa, kuna mtu anavaa vazi la tembo anaruka ruka uwanjani, na wao porini hawana hata mmoja.

Mpira wenyewe ni hivi kwa ufupi. Wapo kumi na moja kwa kumi na moja kama sisi. Mwenye mpira anapewa nafasi nne asogee yadi kumi, akifanikiwa anapewa nyingine nne, akishindwa anampa mwenzie mpira. Ukifika nao mwisho kule ni pointi sita. Robo nne za dakika kumi na tano yaani saa moja tu, ila kwa kusimamasimama kwao inakula saa tatu na nusu, unaweza kupika maharage yakaiva na mechi haijaisha. Mwanzo nilikuwa nasinzia. Sasa hivi nampigia kelele refa kwenye tivii.

Sasa watani. Hapa ndo patakufurahisha. Kuna chuo kingine humuhumu Alabama kinaitwa Auburn, rangi zao chungwa na bluu ile ya kuiva. Siku ya kwanza nafika hapa, kabla mtu hajaniuliza natoka nchi gani, kaniuliza Alabama au Auburn? Nikajibu sijui bado nafikiria. Akaniangalia kama nimesema sijui bado nafikiria dini.

Na mie kwa ujinga wangu Mama, Jumamosi moja ya mwaka jana nikavaa kile kitenge ulichoninunulia Kariakoo, kile chenye maua ya chungwa chini yake bluu, nimeshonea blauzi, najiona nimependeza. Sijui hata mechi ni nini. Naingia na trei ya asubuhi, ule uji wao mzito wa mahindi meupe wanaouita grits, babu akanitazama juu mpaka chini, akafunika sahani na mkono. Anasema mwambieni huyu wa Auburn asinilishe. Nikadhani ugonjwa umempanda nikamkimbilia nesi, nesi naye kaniangalia kaanza kucheka mpaka kaegemea ukuta. Ikabidi nipewe sweta la mtu nivalie juu ndo babu akala. Kitenge nakivaa Jumapili tu siku hizi.

Na usidhani ni utani wa juzi. Walianza kucheza 1893. Ilipofika 1907 wakatoka sare 6 kwa 6, halafu wakati wa kupanga mechi ya mwaka unaofuata wakagombana, kisa nini, posho za wachezaji, waje wangapi, na refa atoke wapi. Wakanuna. Wakanuna miaka 41 Baba, hawajacheza tena mpaka 1948, wanasiasa wa jimbo wakawa wanawasukuma warudiane! Waliporudi Alabama wakashinda 55 kwa 0. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka Machi 8 mwaka huu, watu wameshakata tiketi, wengine wamesafiri toka mikoani, derby ya Simba na Yanga ikaahirishwa sababu ya mambo ya mazoezi uwanjani, na wewe ukasema nchi imeisha. Ilichukua mpaka Juni 25. Matokeo ya siku hiyo sitayataja maana najua Juma ndo anasoma na sasa hivi kashaanza kutabasamu.

Ila kuna moja ya huku imetushinda hata sisi. Auburn wana kona yao mjini, ilikuwa na mialoni miwili mikongwe, wakishinda mechi wanakwenda pale wanairushia miti karatasi za chooni mpaka inakuwa myeupe kama imevaa shela. Ndo shangwe yao hiyo. Mwaka 2010 Auburn wakaja hapa Tuscaloosa, Alabama wakaongoza 24 kwa 0, ishirini na nne bila, wakaja kupinduliwa 28 kwa 27. Shabiki mmoja wa Alabama, Harvey Updyke, ikamkaa rohoni, akaenda kuimwagia ile miti sumu ya magugu. Na hakunyamaza, Januari 2011 akapiga simu redioni, kile kipindi cha Paul Finebaum ambacho mashabiki hupiga kulalamika, akajitangaza mwenyewe hewani kwamba nimeiwekea sumu miti. Alijiita jina lingine lakini walimpata tu, akafungwa. Miti ikang'olewa 2013, wamepanda mingine.

Nikamuuliza babu anaonaje. Nilidhani atacheka kama anavyocheka mambo ya Auburn yote. Akavua kofia akaiweka gotini akasema mti haujamkosea mtu. Halafu akakaa kidogo, akasema lakini 24 bila!

Kuna mechi nyingine hiyo hata kuitaja chumbani kwake marufuku, ya 2013, imebaki sekunde moja wako sawa 28 kwa 28, Alabama wakapiga teke la mbali kutafuta ushindi, mpira ukapungua, mtu wa Auburn akaudaka mwisho kabisa wa uwanja akakimbia nao mpaka mwisho mwingine. Mechi imekwisha. Nesi kaniambia ukiitaja presha inapanda kweli, na wala hatanii.

Mambo mengine ni yaleyale ya kijiweni kwenu pale kwenye kahawa. Kocha. Walikuwa na kocha anaitwa Nick Saban, kawapa ubingwa wa taifa mara sita, ana sanamu nje ya uwanja, kaondoka Januari 2024 kwa kustaafu. Huyu aliyekuja, Kalen DeBoer, maskini, kila akifungwa mechi moja watu wanaangalia lile sanamu. Mwaka jana Oktoba akafungwa na Vanderbilt 40 kwa 35, chuo ambacho kilikuwa hakijaifunga Alabama tangu 1984, wale wenye ushindi wakang'oa magoli wakayabeba mabegani mtaani Nashville wakaenda kuyatosa mtoni. Mwaka huu mechi ya kwanza kabisa kapigwa na Florida State 31 kwa 17, wiki ile chumba cha kulia chakula ilikuwa afukuzwe afukuzwe, bibi mmoja wa miaka tisini anataka kocha afukuzwe kabla ya chai ya saa kumi. Akaja akashinda nane mfululizo, Georgia kawafunga kwaokwao, ikawa oh tulijua toka mwanzo ni kocha mzuri. Jumamosi kafungwa, leo bibi karudi palepale kwenye afukuzwe. Ningewaletea wachambuzi wa Kariakoo wangeelewana bila mkalimani.

Na usajili! Zamani mwanafunzi alikuwa hapewi hela ya kucheza, anasomeshwa bure basi. Siku hizi wanaruhusiwa kupata hela za matangazo toka 2021, na tangu Julai mwaka huu vyuo vyenyewe vinawalipa, na kuhama chuo kimekuwa rahisi, dirisha likifunguliwa wanahama kama wachezaji wa ligi yetu. Wazee hawapendi, wanasema jezi haina thamani tena. Mie nanyamaza ila moyoni nasema watoto walikuwa wanajaza uwanja wa watu laki moja bila senti, waache nao wale.

Sasa kuna kitu kinanikera nikuambie. Chuo hikihiki kina bingwa wa taifa hivi sasa, na mjini hawamjui. Doris Lemngole, Mkenya, anakimbia mbio za nyika. Novemba mwaka jana kule Madison, Wisconsin, kachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani nzima, kilomita sita. Juni mwaka huu akakimbia mita 3,000 zile za viunzi na dimbwi la maji kwa 8:58.15, hakuna mwanafunzi wa chuo cha Marekani aliyewahi kwenda chini ya dakika tisa kabla yake. Jumamosi hii anakwenda Missouri kutetea ubingwa wake. Nikauliza pale jikoni mnamjua Doris? Mmoja akasema anacheza namba ngapi.

Nikaona haiwezekani. Leo nilipompelekea babu chai ya pili nikafungua simu nikamwekea video ya ile mbio ya Madison, nikamshikia karibu na macho maana miwani yake haimsaidii tena. Mwanzo kaangalia kwa uvivu tu, wasichana wanakimbia kwenye majani ana habari gani. Ghafla kaona jezi. Akanishika kiwiko, huyo wetu? Nikamwambia wenu. Basi akaweka kikombe chini akawa anamsukuma yule binti kwa kichwa, anainama mbele kwenye kiti kila akipanda kilima. Alipovuka mstari babu kapiga ngumi kwenye mkono wa kiti akasema Roll Tide, ndo ile kelele yao, mara ya kwanza kuisema toka Jumamosi. Akaniuliza ni ndugu yako? Sisi na Wakenya tunavyosemana mitandaoni Juma anajua, lakini nikajibu jirani yetu, tunapakana. Akasema sasa tunashinda kitu wiki hii. Chai kaimaliza.

Halafu akauliza baba yako naye ana timu? Nikamwambia anayo. Rangi gani? Nikamwambia nyekundu na nyeupe. Babu akakaa vizuri kwenye kiti, akaniangalia kama siku ya kitenge imefutwa kwenye daftari, akasema mwambie baba yako ni mtu mwenye akili. Nimekufikishia.

Sasa Baba, huyu babu ana ombi, na mimi nimeshamkubalia kabla sijakuuliza, unisamehe. Anataka jezi ya Simba. Mechi ya Auburn ni tarehe 29, mwaka huu ni kwao, najua haitawahi, ila kuna dada anakuja huku Desemba kutoka Temeke nitampa Mama namba yake, mzigo wake una nafasi. Saizi XL, kifua chake kikubwa bado ingawa miguu imekwisha. Yeye anakutumia kofia yake moja, ile ya zamani, kaifunga mwenyewe kwenye mfuko wa mkate, ipo hapa mezani kwangu naiangalia nikiandika, kwa ndani imeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino.

Jezi ikunje Mama, si Juma. Juma namjua, nitafungua mzigo mbele ya babu nikute ya kijani.

Mwanenu,
Zuhura