Mkojo wa sokwe unatosha, ukitunzwa inavyotakiwa

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaoamini kwamba kinga ya mwili ya sokwe wa porini, na jinsi inavyobadilika uzeeni, haipimiki mpaka apigwe sindano ya usingizi na kutolewa damu. Kwa sokwe mzee hiyo ni hatari kubwa, maana dawa inaweza kumlevya akiwa juu ya mti akaanguka. Mkojo unatosha. Na sisi Kigoma tuna bahati: sokwe wa Gombe wanafuatiliwa tangu 1960 na wa Mahale tangu 1965, hivyo umri wa wengi unajulikana kwa hakika. Majike waliohamia kutoka makundi mengine umri wao ni wa kukadiria, wasichanganywe na waliozaliwa mbele ya watafiti.

Kinachopimwa ni neopterini, kemikali inayotolewa na chembe za kinga mwili unapopambana na maambukizi, hasa ya virusi.

Sokwe hukojoa mara anapoamka kiotani. Msubiri asogee, ukiwa na barakoa, kisha nyonya kwa pipeti matone yaliyobaki juu ya majani. Mililita 1 au 2 zinatosha. Mkojo uliogusa kinyesi au udongo uache. Kichupa kizungushie foili palepale, kwa sababu mwanga huharibu neopterini, na sokwe mgonjwa ataonekana mzima. Kiweke kwenye chupa ya chai yenye barafu, na siku hiyohiyo kiingie friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Gawa sampuli katika vichupa viwili kabla ya kugandisha, usije ukalazimika kuiyeyusha na kuigandisha tena.

Kosa linalotusikitisha zaidi hutokea maabara. Kipimo cha mkojo mwepesi lazima kirekebishwe kulingana na wepesi wake, na wengi hugawanya neopterini kwa kreatinini, taka nyingine iliyomo kwenye mkojo. Lakini kreatinini hutoka kwenye misuli, na mzee misuli yake imepungua. Ukigawa kwa namba ndogo, neopterini inapanda yenyewe, na unatangaza uzee wa kinga (neopterini kupanda kwa sababu ya umri) ambao haupo! Tumia refraktomita, inayopima uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Maji ni 1.000; ikiwa wastani wa kundi ni 1.020 na sampuli ni 1.010, gawa 0.020 kwa 0.010, yaani zidisha neopterini mara 2. Sampuli ya 1.002 itupwe: ukikosea kusoma kwa 0.001 tu, umekosea kwa nusu ya tofauti yake na maji.

Sampuli moja haisemi lolote kuhusu uzee. Mafua na mimba pia hupandisha neopterini, kwa hiyo andika kikohozi, makamasi na hali ya jike kila mara, na rudia kwa sokwe yuleyule miaka na miaka.

Tunawaomba wafadhili wa utafiti waweke refraktomita na friza ya umeme wa jua kwenye bajeti ya kambi kabla ya kulipia vipimo vya maabara za ng'ambo.

Wasaidizi wa utafiti wa sokwe,
Kigoma