Kijana, kabla ya kusaini barua ya cheo, uliza nani anasaini likizo

Ndugu Mhariri,

Kijana wa miaka 24 akiitwa ofisini na kuambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao atakuwa msimamizi wa wenzake, ushauri humiminika kutoka pande mbili. Wapo watakaomwambia bahati hairudi, achukue haraka. Wapo watakaomwambia bado mdogo, watu wazima hawatamsikiliza, asubiri. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini pande zote mbili zinampoteza. Zinabishana juu ya umri wake, ilhali kitakachoamua kama atamudu au ataaibika ni vile atakavyokabidhiwa pamoja na cheo. Sisi tunaoshughulikia masuala ya watumishi tunaziona barua hizi mara kwa mara. Nyingi zina jina la cheo kwa herufi kubwa, lakini rungu halimo.

Chukua suala la likizo, ambalo watu hulidharau. Timu ina watu 8. Watatu wanaomba likizo wiki ileile, na kazi inaruhusu aondoke mmoja tu. Msimamizi kijana anaangalia zamu, anamruhusu mmoja, wawili anawaomba wasubiri. Mmoja wa hao wawili anapanda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, wanafahamiana tangu zamani, na anarudi na fomu iliyokwisha kusainiwa. Kuanzia saa hiyo timu nzima imejua mlango wa kugonga. Watu watasema kijana hana uzoefu, kumbe hata mwenye mvi angeumbuka vilevile.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayekupa cheo lisiwe mshahara. Muulize nani atasaini fomu za likizo, nani atatoa onyo la maandishi, nani atajaza tathmini ya mwaka, nani atapanga zamu, na kama utakuwa na sauti yoyote katika kuajiri. Kisha muulize: mtu akiniruka akaja kwako, utamwambia nini? Akijibu papo hapo kwamba atamrudisha kwako, una pa kuegemea. Akicheka na kusema hayo mtayaona mbele ya safari, basi naye amekujibu.

Baada ya mamlaka, hesabu watu. Mwaka 1933 mshauri wa uongozi aitwaye V. A. Graicunas alitoa hesabu inayoonyesha kuwa mzigo wa msimamizi haukui kwa kujumlisha. Aliangalia uhusiano wa msimamizi na kila mtu, uhusiano wake na watu hao wakiwa katika makundi, na uhusiano wao wenyewe kwa wenyewe. Mwenye watu 4 anapata mahusiano 44. Ukimwongezea wa 5 yanakuwa 100, na wa 6 yanafika 222. Ni kweli si mahusiano yote hayo yanadai kazi kila siku, na wengi wameikosoa hesabu hiyo kwa sababu hiyo. Hata hivyo, anayeanza na watu 4 na anayeanza na watu 12 hawakupewa kazi moja, hata kama barua zao zimeandikwa maneno yaleyale. Kwa anayeanza, mimi ningeona 4 hadi 6 ni idadi ya kiungwana.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye saa. Timu ya watu 8, kila mmoja ukikaa naye nusu saa kwa wiki kuzungumza kazi yake, ni saa 4. Kuandika mliyokubaliana na kuyafuatilia, saa 4 nyingine. Vikao vya ngazi ya juu na taarifa zake, saa 6. Maswali ya papo kwa papo, mgonjwa wa ghafla, kifaa kilichoharibika, mteja aliyekasirika: weka saa 1 kwa siku, ni 5 kwa wiki. Jumla 19. Wiki ya kazi ikiwa ni saa 40, zimebaki 21 za kazi yako ya ufundi. Kama mkubwa wako anategemea uendelee kutoa kile ulichokuwa ukitoa zamani kwa saa 40, amekupa wiki ya saa 59 bila kukuambia. Mpelekee karatasi yenye hesabu hiyo kabla hujasaini, muulize kipi kinapunguzwa na nani anakichukua. Jibu la "utajipanga tu" halipunguzi hata saa moja.

Hapa ndipo vijana wengi hodari wanapoangukia, na sababu yake inaeleweka. Kazi ya zamani wanaijua, inaisha, na inasifiwa. Kazi mpya haiishi, haionekani, na kwa miezi ya mwanzo hakuna anayekupongeza kwa ugomvi uliouzuia usitokee. Basi msimamizi mpya anarudi kwenye meza yake ya zamani, anashika kazi ngumu kuliko zote mwenyewe kwa kuwa anaifanya haraka kuliko wenzake, na huku nyuma mtu anasubiri siku mbili uamuzi wa dakika tano. Wenzake hawajifunzi kazi ngumu, yeye hajifunzi usimamizi. Ukikubali cheo, kubakiza siku moja kwa wiki ya kazi za mikono ni jambo jema, maana ujuzi usiotumika unapata kutu. Ila usishike kipande ambacho wengine wanakisubiri ndipo waendelee. Siku utakayoitwa kwenye kikao, wote watasimama.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha uchunguzi wao juu ya wauzaji katika kampuni za Marekani. Waligundua kuwa waliokuwa wakiuza sana ndio waliopandishwa zaidi kuwa mameneja, lakini mauzo makubwa ya mtu kabla ya cheo yaliambatana na utendaji duni wa watu aliokuja kuwasimamia. Dalili iliyoelekea kwa meneja mzuri ilikuwa nyingine: kama mtu huyo alikuwa amezoea kuuza kwa kushirikiana na wenzake. Kwa hiyo kijana anayejipima asiulize "je, mimi ndiye bora hapa?" Ajiulize wenzake wakikwama huwa wanamfuata nani, kama kuna mtu aliyemfundisha kazi na sasa anaifanya bila kumwita, na kama anaweza kumwambia mtu usoni kwamba kazi yake haijafika kiwango bila kukwepa wala kufoka. Asiyejiona katika hayo matatu hajakosa akili. Amekosa mazoezi tu, na mazoezi yanaombwa, kama nitakavyoeleza.

Fedha nazo zinadanganya. Tuseme kwa wiki mshahara wako ni 100, na muda wa ziada hukupa 20 kwa kufanya saa 48. Una 120, yaani 2.5 kwa kila saa. Cheo kinakuja na mshahara wa 125 usio na muda wa ziada, na saa zinakuwa 55. Barua inasema umepandishwa robo. Mfukoni imeongezeka 5, kwa saa 7 zaidi, na kila saa sasa inakulipa 2.27. Simaanishi ukatae. Pale ambapo mchango wa pensheni hukokotolewa kwenye mshahara wa msingi peke yake, 125 ya msingi ina faida ya miaka mingi ambayo muda wa ziada haukupi. Lakini linganisha kinachobaki baada ya makato kwa kinachobaki baada ya makato, na ukiona pengo, liseme kabla ya kusaini. Baada ya hapo utakuwa unaomba nyongeza, na nyongeza ina foleni yake.

Kuhusu wenzako wa jana, lipo moja la kuuliza ambalo wengi wanalionea haya: je, kuna mtu ndani ya timu aliyeiomba nafasi hii akanyimwa, na ameshaambiwa? Akikuta jina lako kwenye ubao wa matangazo kabla hajaambiwa na mkubwa, umeanza na adui ambaye hukumtengeneza wewe. Omba aambiwe kwanza, kwa faragha, na aliyefanya uamuzi, pamoja na sababu. Kisha wewe mwenyewe mfuate ndani ya wiki ya kwanza. Akiwa amekuzidi umri, heshima unayompa isipungue kwa sababu ya cheo: kama ulikuwa ukimwita Mzee au Mama, endelea. Maneno yawe machache. "Mzee, najua uliiomba nafasi hii. Sitajifanya sijui. Kuna kazi ambazo wewe unazijua kuliko mimi, na ningependa uamuzi wake tuufanye pamoja. Lakini likizo na zamu zitapita kwangu." Sentensi hiyo ya mwisho usiimeze. Kijana akiiacha kwa kuona aibu, ataitafuta miezi mitatu baadaye kwa ukali, na ukali wa kuchelewa huwa haupimiki.

Marafiki ni wagumu zaidi kuliko wazee, ingawa watu hudhani kinyume chake. Mzee anajua mipaka ya kazi. Rafiki mliyekuwa mkimsema bosi pamoja anatarajia muendelee kumsema bosi, na sasa bosi ni wewe. Yapo pia mafaili: mishahara ya wenzako, maonyo yao, taarifa za ugonjwa. Ukishasoma hayo huwezi kuyasahau, na huwezi kumwambia mtu.

Ipo njia ya kati, nayo ni kukaimu. Kwa kijana naiona bora kuliko kukubali au kukataa moja kwa moja, ila ina mtego. Kukaimu bila tarehe ya mwisho ndiyo namna rahisi ya mwajiri kupata meneja kwa mshahara wa karani. Lawama zote unabeba, posho huna, na miezi 3 inageuka miaka 2. Barua ya kukaimu iwe na mambo manne: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, posho ya kukaimu, mamlaka yaleyale ya kusaini, na nini kitatokea siku ya mwisho ifikapo. Vivyo hivyo kwa cheo kamili chenye kipindi cha matazamio: uliza kama usipothibitishwa unarudi kwenye nafasi yako ya zamani kwa mshahara wa zamani, au unakwenda nyumbani. Njia ya kurudi isipoandikwa, ihesabu kuwa haipo, maana nafasi yako ya zamani itakuwa imeshajazwa na mwingine.

Omba pia kuzungumza na aliyeishika nafasi hiyo kabla yako, kama bado anapatikana. Usimuulize kama kazi ni nzuri. Muulize aliwaahidi watu nini. Ahadi za mdomo za nyongeza ya mshahara, za kubadilishiwa zamu, za kupelekwa mafunzo, zote zitaletwa mezani kwako wiki ya pili, na anayezileta anaamini kabisa kwamba ni deni la ofisi. Wahenga walishasema mkubwa ni jalala, nawe utabebeshwa hata takataka za mwenzako. Katika makabidhiano, mashauri ya nidhamu yaliyo wazi, siku za likizo ambazo kila mtu anadai, na ahadi hizo viorodheshwe, na mkubwa wako atie saini kwamba ameziona.

Nikilazimishwa kubaki na kigezo kimoja, nitabaki na mkubwa utakayekuwa chini yake. Mshahara mdogo chini ya mtu anayekufundisha, anayekukosoa mkiwa wawili na kukutetea mbele ya watu, ni heri kuliko posho nene chini ya anayekuruka. Ndiye anayeweza kukuachia rungu au kulishikilia, hata barua iandikwe vizuri namna gani. Kama mkubwa huyo naye anaondoka miezi michache ijayo, una haki ya kujua kabla hujajibu.

Na jibu usilitoe palepale. Shukuru, omba siku tatu hadi tano, na utaje siku yenyewe utakayorudi na jibu. Mwajiri anayekataa kukupa hata siku mbili ana tundu la kuziba, na ni vyema ujue ni la nini.

Ukiamua kukataa, usiseme "mimi bado mdogo." Neno hilo huandikwa kwenye faili na kusomwa tena miaka mitano baadaye na mtu asiyekujua, naye atalielewa kama woga. Andika sababu inayohusu kazi, na papo hapo omba mazoezi niliyoyataja: "Nashukuru kwa kuaminiwa. Kwa sasa naomba niongoze mradi mmoja wenye watu 3 kwa miezi 6, nikishiriki kujaza tathmini zao, kisha tulizungumze tena mwezi fulani." Taja mwezi wenyewe, mpe mkubwa wako, na nakala uipeleke kwa ofisa rasilimali watu ili iingie kwenye faili lako.

Ofisa rasilimali watu