Kola ya mbwa: pima shingo kwanza, rangi tutaongea baadae

Mwangaluka ndugu zetu wateja. Kuna kitu kimenikaa moyoni tangu wiki iliyopita nikaona bora niandike, maana dukani naongea na mtu mmoja mmoja na wengi wanakujaga na haraka. Alikuja kaka mmoja wa Buzuruga, hapa hapa Mwanza, anataka kola mpya ya mbwa wake, nikamuuliza ya zamani imekuaje, akasema imeanza kunuka. Nikamwambia twende nikamuone huyo mbwa. Kufika tunamkuta yuko bandani, mpole kabisa, ana kola nyekundu ya nailoni aliyovishwa akiwa na miezi mitatu, sasa hivi ana miezi tisa na haijawahi kulegezwa hata mara moja. Manyoya yameifunika kwahiyo kwa mbali unaona mbwa mzuri tu amevaa kola yake, ila ukijaribu kupitisha kidole hakipiti, kola ilishazama kwenye nyama na ile harufu ilikuwa ya kidonda. Tukampigia daktari wa mifugo akaja, akamchoma sindano ya usingizi, akaikata taratibu na kusafisha. Yule kaka alikaa pembeni machozi yanamtoka, kwa sababu mbwa wake anampenda kweli, ni vile tu hakuna aliyewahi kumwambia, na aliyemuuzia ile kola alichukua hela akamrudishia chenji basi.

Sitaki na mimi niwe muuzaji wa hivyo. Kwahiyo leo tuongee kola vizuri.

Kwanza kupima. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha shingoni pale kola inapokaaga, katikati ya shingo siyo chini kabisa kwenye mabega, usikaze. Hiyo namba ongeza kama sentimita 5 kwa mbwa wa wastani, mdogo sana ongeza kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Kama shingo ni sentimita 40, tafuta kola inayorekebishika ambayo hiyo 45 inaangukia katikati, yaani ina nafasi ya kukazwa na ya kulegezwa, siyo ile ambayo tayari iko tundu la mwisho. Ukishamvisha pitisha vidole viwili kati ya kola na shingo, vipite vimelala bila kulazimisha. Visipopita imebana. Vikipita vinne, siku akiogopa bodaboda atarudi nyuma kinyumenyume na kichwa kitachomoka, utabaki na kamba mkononi na mbwa yuko katikati ya barabara ya Nyerere. Hili la kuchomoka linawapata sana mbwa wetu wa kienyeji, vichwa vyao vyembamba, shingo ndefu, wakati mwingine shingo ni pana kuliko kichwa. Kwa hao kuna kola ya aina ya martingeli, ina kitanzi kidogo cha ziada kinachojikaza mbwa akivuta na kuachia akitulia, na kinafika mwisho wake hakimkabi. Ukinieleza mbwa wako anachomokaga nitakupa hiyo na siyo nyingine.

Mtoto wa mbwa ndo usimwamini kabisa. Anakua usiku na mchana. Mimi nawaambia wateja kila Jumamosi unapomuogesha pitisha vidole viwili, kila Jumamosi, hata kama juzi umeangalia. Mbwa wadogo wadogo wanamaliza kukua karibu na mwaka mmoja, ila hawa wakubwa kama jemani shepadi na rotwaila wanaendelea mpaka mwaka na nusu hivi, kwahiyo usinunue kola ya gharama kwa mtoto wa miezi minne, nunua nyepesi ya nailoni inayorekebishika, akishapevuka ndo umnunulie ya maana. Najua nikisema hivi najipunguzia mauzo, sawa tu.

Kuhusu malighafi, wengi wanapenda ngozi na kweli ngozi ni nzuri, inashika umbo la shingo, haikati manyoya, na mafundi viatu wetu hapa mjini wanashona ngozi inadumu miaka. Ila sisi tunakaa ziwani. Mbwa anaingia kwenye maji Jumapili, kola inalowa, inakaukia juani, wiki ijayo tena, baada ya muda inakuwa ngumu kama kuni na kingo zinaanza kuchubua. Kama mbwa wako anaogelea chukua nailoni nene, na ukitoka majini mvue, isuuze, ianike kivulini, na shingo yake uikaushe kwa taulo, kwa sababu ngozi iliyokaa na unyevu chini ya kola inawasha, anajikuna, inakuwa kidonda. Halafu angalia chuma. Ile pete unayofungia kamba iwe imechomelewa, isiwe waya uliokunjwa tu ncha zikakutana, maana mbwa wa kilo 30 akishtuka anaifungua kama unavyofungua pini. Na kile kibano cha plastiki kifunge na kukifungua mara kadhaa hapohapo dukani ukisikilize kinavyolia, kikiwa kinacheza kirudishe. Upana nao, mbwa mdogo sentimita 1 hadi 1.5 inamtosha, wa kati 2 hadi 2.5, mkubwa mpe pana zaidi kwa sababu nyembamba inamkata akivuta.

Waya, kamba ya katani, mkanda wa suruali uliokatwa, hivyo mtusaidie jamani tuache. Waya ndo mbaya kuliko vyote. Na kuna watu wananiulizaga cheni ya kukaba na zile kola zenye meno ndani, eti mbwa awe mkali, eti asivute. Hatuuzi. Koo la mbwa liko palepale mbele ya shingo kama lako, ukilikaba kila siku utamletea kikohozi na maumivu, na mbwa mwenye maumivu anauma watu wa nyumbani. Anayevuta sana mchukulie hanesi, ile mikanda inayovaliwa kifuani na mgongoni badala ya shingoni, yenye pete kifuani, akivuta inamgeuza upande badala ya kumnyonga, na wale wenye nyuso bapa kama pagi na buldogi hao hanesi moja kwa moja, wanapumua kwa shida tayari.

Sasa nifike kwenye kinachonisukuma zaidi. Wateja wengi hapa Mwanza wanachukua mbwa kwa ajili ya ulinzi na sina tatizo na hilo, wezi wapo. Ila mtu anakuja ananunua kola na mnyororo, anaenda kumfunga kwenye mwembe asubuhi mpaka saa mbili usiku, kila siku, mwaka mzima, halafu anashangaa mbwa anamrukia mpaka mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Huyo hajawa mkali, huyo hajui dunia. Hajawahi kuona mama aliyebeba ndoo kichwani, hajawahi kukutana na mbwa mwenzie kwa amani, kila kitu kwake ni kipya na cha kutisha. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008 na kumtesa mnyama ni kosa, lakini hata bila sheria, nimeshaona mbwa wa ulinzi anayetembezwa nusu saa kila siku akilinda vizuri zaidi, anabweka kwa mgeni kweli, siyo kwa kila jani linalodondoka. Kola nimekuuzia ya kutembea naye.

Ndo maana Jumapili jioni tumeanza kutembea pamoja, wateja kadhaa na mbwa wetu, tunapita njia za Capri Point ziwa likiwa pembeni. Hakuna kiingilio. Tunaanza jua likishapoa, kwa sababu lami ya mchana inaunguza nyayo za mbwa, weka mgongo wa mkono wako juu ya lami sekunde saba, ukishindwa kuvumilia na yeye hawezi. Mara ya kwanza kila mmoja alikuwa amemkaza mbwa wake utadhani tunaenda vitani, mbwa wanahisi hiyo hofu kupitia kamba na wakaanza kubwekeana, tukakubaliana kila mtu aache hatua kama tano kwa mwenzie, tutembee uelekeo mmoja bila kuwakutanisha uso kwa uso, na baada ya dakika ishirini walikuwa wanatembea kama wanafahamiana miaka. Mzee mmoja wa Isamilo ana mbwa wa kienyeji wa miaka minane ambaye hajawahi kutoka geti, siku ile aliliona ziwa akasimama tu ananusa upepo, mzee naye akasimama, hakuna aliyewaharakisha.

Kabla hujaja naye hakikisha amezoea kola nyumbani. Mvishe wakati anakula, dakika chache, atajikuna na kujibingirisha siku mbili tatu ni kawaida, halafu mfungie kamba aiburute ndani ya fensi ukiwa unamwangalia. Usimfungie kamba mara ya kwanza katikati ya watu.

Na tukiwa mtaani tuheshimu watu. Siyo kila mtu anapenda mbwa na siyo lazima apende. Ndugu zetu Waislamu mate ya mbwa yanawalazimu kujitwaharisha, kwahiyo ukikutana na mtu anaelekea msikitini fupisha kamba na upishe, usisubiri mpaka aruke mtaro. Watoto wakikimbia kwa hofu simamisha mbwa akae, waambie wasimame wasikimbie, anayetaka kumgusa aombe kwanza na wewe ndo uamue. Kinyesi kiokote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwahiyo beba gazeti au bahasha za kaki, tunazo dukani nakupa bure. Ukipita maeneo ya mialo, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, kamba iwe fupi kabisa, akina mama wameanika dagaa chini na mbwa akikanyaga au akikojoa pale umeharibu mtaji wa mtu, na humo kuna ndoano zenye chambo na mifupa ya mapanki, yale mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu, vyote mbwa anavimeza kwa sekunde moja na vinamkwama.

Maji ya ziwa nayo yana mambo yake. Kwenye vichaka na majani ya pembeni kuna konokono wanaobeba kichocho, kwahiyo usiingie na miguu yako kumfuata mbwa, na kuna sehemu mamba na viboko wapo, waulize wavuvi wa hapo kwanza, wanajua. Kuna dada aliuliza kama tunaweza kuvuka na mbwa kwenda kisiwa cha Saanane, hapana, ile ni hifadhi ya taifa na mbwa haruhusiwi. Na sababu zipo, mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani.

Hapo ndo chanjo inapoingia na kwenye hili sina mchezo, asiye na kadi ya chanjo hatembei na sisi. Kichaa cha mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu halafu unarudia kila mwaka, na kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ni tarehe rahisi ya kukumbuka kuangalia kadi. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Uking'atwa na mbwa, hata mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo, usipake pilipili wala mafuta ya taa.

Kuna kola za dawa ya kupe pia, zinasaidia, kupe wanaleta homa inayoua mbwa. Ila muulize daktari umri na uzito, usifungie kamba kwenye hiyo, na dawa nyingi za kola hizo ni sumu kali kwa samaki, kwahiyo mbwa anayeogelea mvue kabla hajaingia ziwani au tumieni dawa nyingine. Ziwa hili linatulisha wote.

Kitu kingine kidogo, weka kibati chenye namba yako ya simu, mafundi funguo wanachonga, au andika kwa peni isiyofutika upande wa ndani wa kola. Mvua za usiku za hapa zina radi kubwa, mbwa anaruka ukuta anapotea, na asiye na namba anahesabiwa mzururaji.

Dukani njoo na mbwa mwenyewe, tutampima bure na tutaangalia shingo, tukikuta kidonda hatuuzi kola siku hiyo, tunakuelekeza kwa daktari. Mlioko Ukerewe, Sengerema na Geita huwa mnatuma namba kwa simu halafu kola inakuja haitoshi, safari hii chukueni uzi, zungusheni shingoni, pigeni fundo pale unapokutana, mpeni mtu anayekuja mjini. Yule mbwa wa Buzuruga kidonda kinafunga, kwa sasa anavaa hanesi laini, na yule kaka mwenye mbwa ameshaniletea uzi wenye fundo kwa ajili ya siku daktari akiruhusu.